Tupeane uzoefu: mbwa wa jirani kakung'ata, itungwe sheria mpya au mwenyewe abebe mzigo wake?

Mkaazi wa Jambiani
Assalaam alaykum. Jana jioni pale uwanjani watoto wamekimbizwa na mbwa watatu wa nyumba moja ya kukodisha, mmoja kaangukia matumbawe goti likachanika. Mwenye nyumba yuko safari. Mlinzi anasema kaajiriwa kulinda nyumba, mbwa hawamhusu. Usiku barazani maneno yakagawika. Wapo wanaotaka Baraza letu la Wawakilishi la Zanzibar, kule Chukwani, litunge sheria mpya: mbwa aandikishwe, afungwe, mwenyewe alipe. Wapo wanaosema sheria haifungi mbwa, anayefunga ni mtu. Nataka kusikia yaliyokufikeni. Mnyama wa nani, alifanya nini, na mwenyewe alisema nini.

Bint Wete
Hilo la "mwenyewe alisema nini" limenitonesha. Mtoto wa kaka yangu alikuwa anarudi kutoka chuo cha Kurani, jua linazama, anakata njia ya chini ya mikarafuu. Mbwa tunamjua, wa rangi ya kahawia, wa konde ya jirani, na shingoni ana kipande cha kanga alichofungwa na mke wa huyo jirani. Hakubweka. Alikuja kichwa chini, mate yanamtiririka, akamtia meno muundini, akamwachia, akenda zake kuung'ata mti. Mti! Hapo ndipo shangazi alipopiga yowe.

Akamkokota mtoto mpaka mferejini, akamsugua kwa sabuni ya mche na maji yanayokwenda, mtoto analia mpaka sauti inakauka, shangazi haachi. Wanaume wakenda kwa jirani. Unajua alichowajibu? "Mbwa gani? Mie sina mbwa." Na asubuhi ya siku ile ile tulimwona anatoka naye kusasa, yaani kuwinda.

Hospitali ya kwanza dawa hakuna. Ya pili wakasema tuje asubuhi. Kaka hakukubali, tukapata gari ya samaki usiku ule mpaka upande wa pili wa kisiwa, mtoto kalala mapajani kwangu, mguu umevimba, ananiuliza kama mbwa naye anaumwa. Sindano ya kwanza tukaipata huko, tukaambiwa zilizobaki zina siku zake, ukiruka moja umejidanganya. Ndama akauzwa. Jirani hakuleta shilingi, hakuleta hata pole. Mbwa alikutwa amekufa kijitoni kabla ya Ijumaa iliyofuata.

Mpemba wa Konde
Hiyo ndiyo hali yenyewe. Siku ya kusasa mbwa ana mwenyewe, siku ya kung'ata hana.

Msasi wa Makunduchi
Pole sana dada. Lakini msitutie sote kapu moja. Mie mbwa wangu nawachanja kila kampeni ikipita, kadi ninazo, na usiku wamefungwa. Wasasi tukiacha, hao nguruwe watakufukulieni mihogo yote. Naogopa sheria ya hasira. Kila mtoto aking'atwa huja watu na sumu, mbwa mwenye kadi ndiye anayekufa kwa sababu ndiye aliyefungwa, asiye na mwenyewe kashakimbilia msituni.

Abuu Twalib
Sheria mpya ya nini? Dini imeshalimaliza. Mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo wala wa shamba, anayemfuga anapungukiwa ujira wake kila siku. Na mate yake tunayajua, kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Msasi wa Makunduchi
Sheikh, basi wangu wamo ndani ya ruhusa. Ugomvi uko wapi?

Abuu Twalib
Ugomvi ni kuwa kila mtu sasa anajiita msasi. Kijana hajapata kuona hata mkia wa nguruwe, ana mbwa wanne mlangoni, watu wanapita wakielekea msikitini na kanzu zao.

Mama Paje
Na wa pwani mmewasahau. Mie nafanya kazi kwenye nyumba za wageni. Mgeni anakuja, anamwona mtoto wa mbwa ufukweni, anampa jina, anampa mkate na mayai kila asubuhi. Msimu ukesha kapanda ndege, kaacha mbwa mkubwa mwenye njaa na mazoea ya watu. Akimrukia mwanangu aliyeshika andazi, nimshitaki nani? Tena mgeni huyo huyo anatulaumu kuwa sisi hatuna huruma na wanyama.

Niko Leicester
Wa nyumbani, huku Uingereza wana sheria ya mbwa hatari tangu 1991. Walikataza aina nne, mwishoni mwa 2023 wakaongeza ya tano, XL Bully, na tangu tarehe 1 Februari 2024 hapa Uingereza na Wales kuwa naye bila cheti maalumu ni kosa, na mwenye cheti akimtoa nje lazima amfunge mdomo na kamba. Watu wanabishana mpaka leo kama kukataza aina kunasaidia. Ila kipo kipengele kingine ndani ya sheria ile ile ambacho mie nakipenda: mbwa wa aina yoyote akiachwa bila kudhibitiwa hata akatishia watu, mwenyewe ana kesi.

Mpemba wa Konde
Kwetu wote ni mbwa koko. Aina gani utaikataza?

Niko Leicester
Ndiyo maana nimesema kipengele cha pili, ndugu yangu. Soma mpaka mwisho.

Boda wa Fuoni
Na ng'ombe? Nimemvaa ng'ombe usiku barabarani, mkono umevunjika, mwenyewe kaja kuuliza ng'ombe wake kaumia wapi.

Mkaazi wa Jambiani
Pole kaka. Ya ng'ombe tutayafungulia mada yake, nakuomba.

Fundi wa Mkoani
Sie tuling'atwa sana utotoni. Bibi anatia mafuta ya taa na pilipili, tunacheza kesho yake. Siku hizi mnaogopa sana.

Mstaafu wa Mifugo
Fundi, aliyepona kwa mafuta ya taa aling'atwa na mbwa mzima. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu, anayepona ni nadra mno. Alichofanya shangazi wa Bint Wete ndicho: maji na sabuni, dakika 15, usikimbilie kukishona kidonda, na siku hiyo hiyo kituoni. Sindano zinahesabiwa: siku ya 0, ya 3, ya 7 na kuendelea kama utakavyopangiwa.

Na kwa hili la sheria, Pemba wenyewe mna ushahidi. Baada ya kuchanja mbwa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka, kufikia 2014 kichaa kilitoweka. Mwishoni mwa 2016 kikaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kikaenea, ikabidi kampeni mbili nyingine za kisiwa kizima ndipo kikaondoka, Oktoba 2018. Aliyekiondoa ni mwananchi aliyemshika mbwa wake na kamba akampeleka kwenye sindano. Tunataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na asiyetokea siku ile ndiye anayetuangusha. Ukiwaua waliochanjwa, unawapa nafasi wasiochanjwa.

Abuu Twalib
Hapo nakubaliana nawe mzee wangu. Tangazo litoke msikitini pia, baada ya Ijumaa.

Mama Paje
Bint Wete, umetuacha roho juu. Mtoto je?

Bint Wete
Yupo, alhamdulillah, sasa yuko skuli ya sekondari. Mbwa akibweka anavuka barabara.

Kuhusu sheria. Kaka alikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani. Sheha akamuuliza, nani atashuhudia kuwa mbwa ni wa fulani? Kiambo kizima kinakijua kile kipande cha kanga, na hakuna aliyefungua mdomo, maana jirani kaoa kwao, mwengine anamdai, mwengine anasasa naye. Sasa hata Chukwani wakiandika sheria nene, kesi itafia hapo hapo kwenye "sina mbwa". Mie ninachotaka ni daftari kwa sheha. Siku ya chanjo jina la mwenye mbwa liandikwe, atie saini, na mbwa avae kitu chenye namba. Asiyeandikisha na watu wanamwona anatembea naye, atozwe faini. Basi.

Mpemba wa Konde
Na wa wageni Mama Paje?

Mama Paje
Nyumba inayomlisha ndiyo iandikwe. Mkate unatoka jikoni kwao.

Msasi wa Makunduchi
Kwa daftari mie naweka jina langu la kwanza. Wenzangu watanuna, nitawaambia uso kwa uso. Mkaazi wa Jambiani, hao watatu wa nyumba ya kukodisha wana chanjo? Kama mlinzi hajui, muulize mwenye nyumba kwa simu leo. Akikubali nakuja na mwenzangu Jumapili asubuhi, kamba tunazo, tunawapeleka. Na huyo wa goti, aliumizwa na jiwe tu au jino lilimgusa? Mtazameni mguu vizuri kabla ya jioni.