Kupanda Kilimanjaro mwanzoni mwa Juni: naomba ushauri kuhusu matope ya njiani na theluji ya kileleni

Mwalimu wa Kikwajuni (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni walimu wanne wa skuli moja hapa Unguja, mmoja wetu ni mwanamke, na tumekusudia kupanda Mlima Kilimanjaro katika likizo ya katikati ya mwaka, inshaallah. Tarehe tuliyoifikiria ni kuingia langoni siku ya pili au ya tatu ya Juni, kwa kuwa ndipo ruhusa zetu zinapoanza, na tumetengewa siku tano za mlimani, kupanda na kushuka. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kupanda mlima wowote. Mimi ndiye niliyefika juu kuliko wenzangu, na huko juu kwenyewe ni Masingini, ambako hata mita 150 hakufiki.

Kinachonitatiza ni kwamba maelezo tunayopewa yanapingana. Wakala wa kwanza tuliyezungumza naye kwa simu alituhakikishia kwamba masika yameshakwisha, njia ni kavu, na theluji ya kileleni ni ya kupigia picha tu. Wa pili alitutaka tukodi vyuma vya kufunga chini ya viatu kwa sababu juu kuna barafu. Nikamuuliza jamaa yangu aliyepanda mwishoni mwa Mei, naye akanitumia picha ambazo ukingo mzima wa kilele ni mweupe na watu wamezama hadi vifundoni. Sasa sijui nimwamini nani.

Naomba mwenye uzoefu atueleze hali halisi ya njia katika wiki za mwanzo za Juni, atuambie njia ipi inawafaa watu wasioijua baridi, na kama theluji hiyo inahitaji vifaa maalumu au inahitaji moyo tu.

Mtembea na Kusi

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Mimi nilipanda wiki ya kwanza ya Juni kwa njia ya Machame. Msituni tulitembea siku nzima ndani ya ukungu na matope yaliyofika juu ya kifundo cha mguu, na hema zililowa usiku wa kwanza zikabaki na unyevu hadi wa tatu. Ajabu ni kwamba tulipofika uwanda wa Shira jua lilikuwa kali na mawingu yote yalikuwa chini yetu kama bahari. Kwa hiyo wakala wa kwanza hakusema uongo wote. Alisimulia nusu ya juu ya mlima na kuisahau nusu ya chini.

Mchagga wa Mkele

Mwalimu, mimi ni mtu wa Moshi niliyeoa Unguja, na kabla ya kuhamia huku niliongoza wapandaji kwa miaka mingi. Niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu swali lako lina majibu mawili yasiyofanana.

Nyinyi watu wa visiwani mnaujua upepo wa kusi kuliko sisi wa bara. Kusi hilo hilo linalozichafua bahari zenu kuanzia mwisho wa masika ndilo linalobeba unyevu hadi kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, na unyevu huo unapopandishwa na mlima hugeuka mawingu na manyunyu. Ndiyo maana Machame, Umbwe na Marangu, ambazo zote zinaanzia upande wa kusini au kusini-mashariki, hubaki na utelezi msituni hata baada ya mvua kubwa za Aprili kukatika. Njia ya Rongai inaanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, mahali ambapo mlima wenyewe umeikinga mvua, na kwa kawaida ndiyo inayotangulia kukauka. Ukivuka mita 3,500 hivi tofauti hiyo hupungua sana, kwa kuwa mara nyingi umeshatokea juu ya tabaka la mawingu.

Sasa theluji. Mvua inayonyesha Moshi wakati wa masika, kule juu ya mita 5,000 huanguka ikiwa theluji, na mwanzoni mwa Juni ile ya Aprili na Mei inaweza kuwa bado ipo. Msiichanganye na ile barafu ya kale, ambayo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912 na ambayo njia za kawaida hupita kando yake tu. Theluji inayowahusu nyinyi ni ile mpya inayolala juu ya njia. Kwa Marangu, mtatoka kibanda cha Kibo, mita 4,700 na kitu, karibu na saa sita ya usiku, na mtapanda changarawe hadi ukingoni, mahali paitwapo Gilman's Point. Upande huo unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huiyeyusha theluji yake mapema. Kutoka Gilman's hadi Uhuru, ndicho kilele chenyewe, mita 5,895, mnafuata ukingo kwa saa moja na nusu au mbili, na hapo ndipo jamaa yako alipopigia picha zake.

Mtu akiniuliza theluji ni mbaya au nzuri, humuuliza saa ngapi. Usiku huwa imeganda na kuwa ngumu, na palipokanyagwa na watu wengi panakuwa kama kioo. Kufika saa nne asubuhi imelainika, mguu unazama, na njia inayochukua saa moja inakula mbili. Changarawe nayo ni vivyo hivyo: ikiwa imeganda inashika, ikiyeyuka unapanda hatua mbili na kurudi moja. Ndiyo sababu tunawaamsha watu usiku wa manane, ingawa wengi hudhani tunafanya hivyo ili waone jua likichomoza.

Vyuma vizito vya wapanda barafu hamvihitaji kwa Marangu, Machame, Lemosho wala Rongai. Vile vyepesi vya minyororo midogo, vinavyovutwa juu ya kiatu kama mpira, vinafaa ikiwa theluji ni mpya, na kiongozi wenu atajua wiki hiyo hiyo kwa kuwauliza wagumu (hivyo ndivyo wapagazi wanavyojiita) walioshuka jana yake. Njia ya Western Breach msiiguse, hata mkipewa kwa bei ya kutupa; Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakaua wapandaji watatu.

Bint Wete

Mimi nilikwenda kwa Marangu, siku tano kama mlivyopanga nyinyi. Matope niliyaweza na theluji sikuifikia. Nilirudi nikiwa Kibo, kichwa kinapasuka na chakula hakikai tumboni, wakati mwenzangu ambaye nyumbani Pemba akipanda ngazi mbili anahema alifika kileleni. Ningelikuwa nimelala usiku wa ziada Horombo, vibanda vilivyo chini ya Kibo, nadhani ningelifika. Mwalimu, ongezeni siku kabla ya kukodi chuma chochote.

Mwuguzi wa Chake

Dada Bint Wete amesema jambo ambalo mimi nalisisitiza kitaaluma. Kileleni pumzi moja inakupatia takriban nusu ya oksijeni unayoipata hapa pwani, na mwili hauzoei hali hiyo kwa ujasiri bali kwa muda. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo za maradhi ya mwinuko; mwenye nazo asipande zaidi mpaka zipungue. Akianza kuyumba, akashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, akaongea mambo yasiyoeleweka, au akahema akiwa amekaa na kukohoa makohozi yenye povu, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Dawa ya asetazolamidi huusaidia mwili kuzoea, lakini mwonane na daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na mjue kwamba inakupeleka haja ndogo mara kwa mara, jambo ambalo katika hema yenye baridi si dogo.

Mwalimu wa Kikwajuni

Nawashukuru sana. Nimeona kwamba nilikuwa nauliza theluji huku tatizo langu likiwa hesabu ya siku. Nimebakiwa na mambo mawili. La kwanza ni baridi yenyewe: niwaambie wenzangu wajiandae kwa kiasi gani? La pili, ni vipi watu wanavyotawadha huko juu bila ya kulowesha soksi?

Mchagga wa Mkele

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, piga hesabu. Joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Ukianza na nyuzi 27 za hapa Unguja, kileleni unapata nyuzi 11 hivi chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Juni na Julai ndiyo miezi ya usiku wa baridi kuliko Januari, ingawa anga inakuwa safi. Nguo ya pamba iwe mbali na ngozi, kwani ikilowa haikauki. Vaeni sufu au nguo za michezo, kisha sweta nzito, kisha koti lisilopitisha maji. Chupa ya maji igeuzeni kichwa chini ndani ya begi, maana barafu huanzia juu. Miwani ya jua ni lazima, kwa sababu theluji huurudisha mwangaza machoni na mtu anaweza kupofuka kwa siku mbili.

Mtembea na Kusi

Kuhusu udhu, sisi tulitawadha kikamilifu kambini jioni kwa maji ya moto, tukavaa soksi za ngozi, na baadaye tukapaka maji juu yake bila ya kuzivua. Msafiri ana siku tatu na usiku wake za kupaka hivyo. Usiku wa kileleni tulitayamamu. Muulizeni na imamu wenu kabla ya kuondoka.

Ila kaka Mchagga, mimi bado ningeliwapeleka Rongai. Kama kusi ndilo lenye matope, kwa nini waende kulitafuta?

Mchagga wa Mkele

Hoja yako ni nzuri, na kama wangekuwa wanne wenye hema bora na fedha ya gari la kuwazungusha hadi kaskazini ningekubali mara moja. Lakini Rongai ni hema tupu, na Marangu ina vibanda vyenye paa na vitanda. Mtu ambaye hajawahi kuhisi baridi akilowa mchana na kulala pakavu usiku, kesho anaamka mzima. Isitoshe Rongai nayo inatokea Gilman's, kwa hiyo theluji ya ukingoni ni ile ile.

Mwalimu wa Kikwajuni

Tumekaa jana baada ya Isha tukaamua. Tumeomba ruhusa isogezwe, tutaingia lango la Marangu tarehe 19 Juni badala ya tarehe 2, na tutachukua siku sita, usiku wa ziada ukiwa Horombo. Swali la mwisho: vifaa tununue Darajani au tukodi Moshi?

Mchagga wa Mkele

Makoti mazito, mifuko ya kulalia, magongo na vile vyuma vyepesi kodini Moshi, na vyuma msivilipie mpaka kiongozi awaambie theluji ya wiki hiyo ikoje. Darajani tafuteni sweta na glavu katika mitumba, mtapata vizuri. Viatu msikodi wala msinunue vipya siku ya safari. Vinunueni sasa, mvivae kila siku kwenda skuli, na Jumapili mpande navyo Masingini mara nne mfululizo, kwani asiyechubuka kwenye kushuka huko ndiye atakayeshuka kutoka Horombo kwenye utelezi akiwa na kucha zake zote.