Naomba ushauri: Datsun Z ya zamani iko Moshi, nina milioni 12, nianze na injini au bodi?

Pua_Ndefu (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni.

Tangu nikiwa mtoto naipenda Datsun Z, ile ya boneti refu. Sasa nimeipata moja Moshi, imekaa uani kwa watu chini ya turubai. Ni 240Z, rangi yake ilikuwa ya chungwa, haijawashwa miaka mingi ila injini inazunguka kwa mkono. Bei ni milioni 9. Mimi nina milioni 12 jumla, kwa hiyo zinabaki 3 za kuifufua. Naambiwa hili gari lilikimbia mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1973.

Naombeni fundi mzuri wa kabureta Moshi au Arusha. Pia mnishauri nianze na injini au nianze na bodi. Usingizi umenipaa wiki nzima, kwa hiyo naomba mawazo ya maana.

Baba_Collins
Milioni 12 unakwenda kununua kitu kisichowaka? Mkuu, tafuta kiwanja. Kama lazima gari, chukua Toyota IST, ikikuchosha unaiuza kesho asubuhi na hela yako inarudi. Vijana wa siku hizi mnapenda kuonekana.

Fundi_Spana
Mtoa mada, injini iache kwanza. Hiyo ya silinda sita ni jamii ya L ya Nissan, ndio wenye Datsun, ndugu zake walifungwa kwenye Cedric, Laurel na baadhi ya Patrol. Inatumia cheni, si mkanda, na kama inazunguka kwa mkono kuna matumaini.

Kinachoua Z ni kutu. Nenda na sumaku ndogo, izungushie kitambaa, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembeni mwa mlango wa nyuma. Isiposhika, hapo kuna puti imefunika kutu. Inua mazulia, gonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, sikiliza. Pale betri inapokaa tazama vizuri, asidi hula bati. Kisha lala chini uangalie fremu mbili zinazotoka mbele kupita chini ya viti. Hizo zikiwa zimeoza, milioni 3 zako hazifiki popote, haijalishi injini ni nzima kiasi gani.

Tangi lishushwe lioshwe, petroli ya miaka mingi hugeuka gundi. Ukiwasha hivyo hivyo uchafu wote unahamia kwenye kabureta zote mbili. Breki hesabu kila kitu kipya. Tairi zina tarakimu za tarehe ubavuni: zikiwa nne, mbili za mwisho ni mwaka, zikiwa tatu tu, hizo ni za kabla ya 2000, usizitumie hata kwa kulivuta.

Mzee_wa_Mombo
Mmenikumbusha mbali wanangu. Enzi hizo Safari inapita Kenya, Uganda na huku kwetu, mashindano yanafanyika Pasaka. Tulikuwa tunatoroka ibada tunakwenda kusimama barabarani Mombo. Unasikia mlio kwanza, halafu vumbi, gari lenyewe unaliona linaishia. Datsun 240Z ilishinda 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Mwaka ule wa 73 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye alikuwa kwenye Datsun vilevile, mpaka ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Marehemu kaka yangu alikuwa shabiki wa Peugeot, tulinuniana siku mbili. Kama kweli gari hilo lilikuwemo, kijana, usiliachie.

Neema_Kimara
Kaka, kabla hamjafika kwenye sumaku: kadi ya gari ina jina la nani?

Pua_Ndefu
Kadi ipo dada, nimeiona. @Fundi_Spana asante sana, hiyo ya sumaku nimeiandika. Fremu sijaangalia, nilikuwa na nguo za kazini. Vipi kuhusu rangi, niirudishe ya chungwa?

Mkenya_Nakuru
Sisi huku Datsun Z tunaziheshimu. Bado zinakimbia kwenye Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Na ukitaka kuona magari ya zamani yaliyotunzwa, njoo Septemba pale uwanja wa farasi wa Ngong, kuna Concours, maonyesho ya magari yaliyotunzwa, imekuwepo tangu 1970. Utapata watu wa kukuelekeza kwa vipuri. Lakini pia mimi nauliza kama huyo dada: logbook ni ya nani?

Neema_Kimara
Nimeuliza jina, sijauliza kama ipo.

Pua_Ndefu
Sawa, ngoja nieleze, maana naona mmenishika hapo.

Gari ni la mzee mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa kahawa, alilinunua Nairobi kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa 1977. Namba zake bado ni zile za TZ za zamani. Mzee alifariki. Watoto wako watano, anayeniuzia ni wa pili, ndiye anaishi pale nyumbani na ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho. Mirathi haijafunguliwa, ila ameniambia wenzake wamekubaliana kwa simu.

Na nimeshatanguliza milioni 4. Tumeandikiana, mashahidi wawili wamesaini. Anataka tumalize kabla ya Disemba, kwa sababu kuna mtu wa Nairobi anaongeza bei. Najua mtakachosema, ila huyu kijana si tapeli. Nimekula kwao, nimekaa na mama yake. Tena amenisamehe laki tano kwenye bei ya kwanza.

Baba_Collins
Eeeh! Kumbe tunashauri rangi ya maiti ya watu.

Karani_Mstaafu
Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, kesi za namna hii nazijua kwa harufu. Mdogo wangu, hadi sasa hakuna mtu anayeweza kukuuzia hilo gari. Kumuuguza baba ni jambo la heshima, lakini hakumpi mtoto mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakae kikao cha ukoo, wapendekeze jina, waende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo. Barua ya uteuzi ni Fomu Namba IV. Kabla ya hapo, mashahidi hata wakiwa ishirini, mkataba wako ni karatasi. Usiongeze hata shilingi.

Pua_Ndefu
Karani nakuheshimu, ila mirathi inaweza kuchukua muda mrefu na mimi naweza kulikosa gari. Magari kama haya huku hayapatikani. Na nikidai pesa yangu sasa hivi nitaonekana simwamini, wakati yeye alinifungulia geti.

Tabata_Junior
Wakuu, mimi nanusa chai. Tena chai ya maziwa. Marehemu yupo, kijana mwema yupo, mtu wa Nairobi yupo, gari la mashindano limelala Moshi na halijaonwa na mtu yeyote isipokuwa mtoa mada. Picha hakuna. Swali moja tu: hiyo 240Z ina viti vya nyuma?

Pua_Ndefu
Vipo viwili, vidogo. Kwani vina shida gani?

Tabata_Junior
Shida ni kwamba 240Z haikuwahi kuwa na viti vya nyuma. Ni gari la watu wawili, zote. Wasimamizi fungeni uzi, tukalale.

Mzee_wa_Mombo
Mimi nimetoa historia yangu yote hapa kwa hadithi ya kutunga?

Baba_Collins
Nilijua tangu aliposema inazunguka kwa mkono.

Fundi_Spana
Punguzeni moto kwanza. Mtu anayetunga angejibu "havipo", kwa sababu angekuwa amesoma kwanza. Mtoa mada, mwambie huyo kijana afungue boneti, aangalie ule ukuta wa bati kati ya injini na abiria. Namba ya chasisi imegongwa pale. Nataka herufi za mwanzo tu, nyingine usiweke hapa.

Pua_Ndefu
Nimempigia, amenitumia picha. Inaanza na GRS30. Picha yenyewe naiambatisha, namba nimeifuta.

Fundi_Spana
Basi gari lipo, jina ndilo limekosewa. 240Z ya usukani wa kulia inaanza na HS30. GRS30 ni 260Z ya 2+2, yaani viti viwili mbele na viwili vidogo nyuma, usukani wa kulia. Injini yake ni L26, sentimita za ujazo 2,565, wakati ya 240Z ni 2,393. Waliongeza urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma sentimita 30 ili vile viti vikae. Gari zuri, mimi mwenyewe ningelipenda, ila sokoni bei yake iko chini ya ile ya viti viwili.

Na modeli hiyo ilitoka 1974. Haikukimbia Safari ya 1973 hata kwa muujiza.

Tabata_Junior
Mtoa mada nisamehe, chai naihamishia kwa muuzaji.

Dada_wa_Coventry
Naingia kidogo, mume wangu anayo Z hapa Uingereza. Mipira ya milango, taa na vioo vya mbele bado vinatengenezwa upya kwa sababu wenye haya magari ni wengi Marekani, Japani na huku. Ila vitu vya 2+2 peke yake, hasa vioo vya pembeni vya nyuma na mapambo ya ndani, vinasumbua. Hakikisha vioo vyote vipo kabla hujazungumza bei. Gharama ya kusafirisha mlango mmoja ilitushangaza.

Neema_Kimara
Kaka, mimi magari siyajui, ila Wachaga nimeolewa nao. Disemba ndiyo watoto wote wanarudi nyumbani. Kaka mkubwa, dada mkubwa, mashemeji, wote watakuwa pale uani. Unadhani anataka mmalize kabla ya Disemba kwa sababu ya mtu wa Nairobi?

Mkenya_Nakuru
Aki dada umepiga palepale. Na huyo mtu wa Nairobi namjua, hutumiwa kuuza kila kitu Afrika Mashariki.

Pua_Ndefu
Nimekaa kimya tangu jana kwa sababu nilikuwa natafuta namba ya dada yao mkubwa. Nimeipata kupitia mama. Yuko Dar. Nimejitambulisha, nikamweleza taratibu.

Hakuwa na habari. Lakini hakunifokea. Amesema baba yao alilipenda lile gari kuliko nyumba, na kwamba hata yeye angependa liende kwa mtu atakayelitengeneza, si kwa wauza vyuma chakavu. Wakikutana Disemba watakaa kikao na mirathi itafunguliwa. Kuhusu milioni 4 amesema atazungumza na mdogo wake, nisimpigie mimi.

Msinielewe vibaya, gari bado nalitaka, na kijana bado namwona ni mtu mzuri aliyebanwa na maisha. Ila kwa kuwa sasa ni 260Z, milioni 9 ni bei sahihi? Na Karani, hiyo Fomu Namba IV ikishatoka, TRA wanataka nini kingine?

Fundi_Spana
Bei tutaijua baada ya kuona fremu. Zikiwa nzima na vioo vyote vipo, 9 inazungumzika, ingawa zile 3 zilizobaki zitaishia kwenye tangi, breki na tairi, rangi isubiri mwaka mwingine. Zikiwa zimeoza, hata 5 ni nyingi. Disemba nitakuwa Himo, nitumie ujumbe pembeni tulikague pamoja, sitaki hela.

Karani_Mstaafu
Kadi halisi, barua ya usimamizi, mkataba mpya wa mauziano kati yako na msimamizi, vitambulisho na TIN zenu wote wawili. Mkataba ule wa kwanza usiutupe, ndio ushahidi wa milioni 4, na uandikwe kwenye mkataba mpya kwamba zimeshapokelewa. Kwa kuwa namba bado ni za TZ za zamani, pitia ofisi ya TRA Moshi mapema uulize utaratibu wa kulisajili upya, kabla hamjaandikiana chochote. Usiende na kijana peke yake. Nenda na yule dada.