Mrejesho: Bufee za hoteli za kasino, Las Vegas

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu hoteli ya kasino ya kumpeleka mama yangu kula bufee, yaani mlo wa kujipakulia mwenyewe kwa bei moja, mjini Las Vegas, kwa kuwa yeye hali nyama ya nguruwe na fedha yetu ilitosha milo miwili tu ya namna hiyo. Tumerudi salama, nami nawashukuru nyote.

Nilimfuata aliyependekeza bufee ya Wicked Spoon, ndani ya hoteli ya Cosmopolitan, badala ya bufee ya Bacchanal ya hoteli ya Caesars Palace, iliyo kubwa zaidi, kwa sababu vyakula vingi pale huwa vimekwishapakuliwa katika vyombo vidogo vidogo. Mama, ambaye huona haya kurundika sahani mbele za watu, alionja vingi bila kubakiza. Ushauri wa kwenda asubuhi ya siku ya kazi, na wa kuzungukia meza zote kabla ya kushika sahani, ulitufaa sana. Mkate na viazi tuliviruka ili visitushibishe mapema, ingawa mbele ya keki nilishindwa kujizuia.

Mlo wa pili, katika hoteli nyingine nisiyoitaja, haukwenda vizuri. Tulifika Jumamosi jioni bila kuweka nafasi, tukasimama kwenye foleni zaidi ya saa moja, kisha tukakuta maharage yaliyochanganywa na nguruwe bila kibao chochote, jambo tulilolijua kwa kumuuliza mpishi tu. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kupakua, na mkumbuke kwamba juu ya bei iliyotangazwa huongezwa kodi, mbali na bakshishi ya mhudumu.