KDF: pesa zetu, vijana wetu, lakini habari tunazipata kwa Al-Shabaab

Wakuu, leo nina hasira na sitaomba radhi. Kila anayeuliza pesa za KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, zinaenda wapi hujibiwa maneno mawili tu: usalama wa taifa. Mwanahabari akibisha Ulinzi House, makao makuu ya wizara ya ulinzi, ni hayo hayo. Mbunge akiyasikia anafyata. Na bajeti ya 2025/26 imelipa jeshi zaidi ya shilingi bilioni 200!

Tuanze na KNS Jasiri, meli ya jeshi letu la wanamaji, maana hapo ndipo utaona siri inamlinda nani. Mkataba ulitiwa sahihi 2003 na kampuni iitwayo Euromarine, kwa takriban shilingi bilioni 4.1. Karatasi zikasema ni meli ya utafiti wa bahari. Ikaundwa Uhispania. Sakata ya Anglo Leasing, ile ya mikataba hewa ya vifaa vya usalama, ilipolipuka, mkataba huo ukakutwa miongoni mwa ile 18 iliyotiliwa shaka, malipo yakasimamishwa, na meli ya wanamaji wetu ikabaki imefungwa kamba huko Ribadeo kama mbuzi wa deni. Ilitia nanga Mombasa 2012, ikiwa meli ya doria. Miaka tisa! Sasa niambieni, siri ile ilikuwa inamficha adui gani? Mwaka 2003 hao Al-Shabaab walikuwa hata hawajulikani. Aliyefichwa ni mlipa kodi.

Halafu El Adde. Hapa ndipo damu inanichemka. Januari 15, 2016 kambi yetu huko Somalia ilivamiwa na Al-Shabaab, na mpaka leo serikali haijatoa idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema ni kati ya 180 na 200. Wetu wakakanusha bila kutaja idadi yao. CNN wakachunguza, wakahesabu 141 kwa uchache. Yaani mama wa Eldoret au Kakamega asubiri televisheni ya Marekani na video za wauaji ndipo ajue ukubwa wa msiba wa mwanawe? Nani alikamatwa? Siyo kamanda. Ni Yassin Juma, mwanahabari, kwa yale aliyoandika mtandaoni. Miezi mitatu baadaye Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumiwa kuwatia watu kama yeye mbaroni. Asante, lakini alikuwa ameshalala ndani.

Westgate, lile duka kubwa la Nairobi lililovamiwa na magaidi 2013, nitapita haraka, mnaikumbuka. Kamera zilionyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko, tukaambiwa ni maji. Baadaye wawili wakafukuzwa kazi na kufungwa. Na mkuu wa polisi aliwaita nani wahojiwe? Wanahabari waliopeperusha kanda hizo.

Na msiniambie jeshi halijui kuongea. Mwishoni mwa 2011 msemaji wake, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa anarushiana maneno na Al-Shabaab Twitter, hadi Januari 2012 akaweka picha za mtu aliyeuawa kwa mawe, kumbe ni za 2009. Kwa hilo muda ulikuwepo.

Najua mtakuja, nyie wa "hakuna nchi inayoanika jeshi lake". Nani ameomba ramani ya kambi? Idadi ya risasi kaeni nayo. Ninachotaka ni bei, jina la muuzaji, na tarehe kifaa kilipofika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wanahabari nao waende Somalia bila kuchaguliwa wa kuhojiwa, siyo kupandishwa ndege ya jeshi, kuonyeshwa kisima kilichochimbwa na wanajeshi, kisha warudishwe Nairobi jioni.

Na ile ripoti ya uchunguzi wa El Adde? Wajane na wazazi waliozika wapewe waisome kabla ya mbunge yeyote. Iko kabati la nani?