MJADALA: Orodha za mafungu yanayoshinda zianikwe zote, au zibanwe ili watu wajifunze kujenga?

Mwanzisha mada

Habari zenu wadau. Malumbano haya huibuka kila karata fulani inapopigwa marufuku, kisha yanazimika bila kufika popote. Leo tuyaweke mezani.

Nazungumzia Magic, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993. Kila mchezaji huja na fungu lake mwenyewe: karata zisizopungua 60, pamoja na karata za akiba zisizozidi 15 ambazo anaweza kuziingiza baada ya mchezo wa kwanza wa mechi. Karata moja haizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi, yaani karata za kawaida zinazotoa mana, nguvu ya kulipia karata nyingine. Mimi ni mtu wa Pauper, mfumo unaoruhusu tu karata zilizowahi kuchapishwa katika daraja la chini kabisa, zile zinazopatikana kwa wingi. Ulianzia kwenye Magic Online, Magic inayochezwa mtandaoni, na mwaka 2019 ukatambuliwa rasmi kwa karata za mezani pia.

Ugomvi wenyewe unatokana na hili. Magic Online ilikuwa ikichapisha kila siku mafungu 10 yaliyoshinda mechi zote 5 za ligi. Mwaka 2017 kampuni ikapunguza hadi 5, tena yakichaguliwa yasifanane. Hoja yao: orodha zikiwa nyingi, watu wanagundua upesi mno fungu lipi ni bora, wote wanalibeba hilo hilo, na mchezo unadumaa. Wapo wachezaji wengi wanaoiunga mkono hoja hiyo, na wapo wanaotaka kubana zaidi ya hapo.

Mimi nasema zote zianikwe. Kila fungu lililoshinda, kila siku, karata zote 75.

Wanaotaka kuficha wanadhani mwenye orodha ana kila kitu. Hana. Chukua fungu la bluu la Tolarian Terror. Huyo ni kiumbe mwenye nguvu 5 na uhai 5, bei yake mana 7, lakini bei inapungua kwa mana 1 kwa kila karata ya uchawi wa kutumika mara moja (instant au sorcery) iliyo kaburini kwako, yaani kwenye rundo la karata zilizotumika au kutupwa. Ndani ya fungu hilo utakuta Mental Note na Thought Scour. Kila moja inatupa karata 2 za juu ya fungu kaburini na kukuokotesha 1. Mgeni akizitazama anaziona dhaifu: hazimuui mtu wala hazizuii kitu. Anatoa Mental Note 4, anaweka kitu anachokiona kina nguvu zaidi, kisha anashangaa Terror wake anashuka zamu mbili baadaye kuliko wa wenzake. Orodha ilimpa karata zote 60 ila haikumwambia kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ujenzi, na huwezi kuifikia kama hukuwa na orodha ya kuichokonoa.

Karibuni tujadili. Nitajibu kila hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, nimekusoma vizuri lakini napinga.

Mwaka 1996 kule Atlanta, Paul Sligh alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kufuzu kwa fungu jekundu alilolibuni Jay Schneider. Ndani yake mlikuwa na Ironclaw Orcs 4, kiumbe ambaye wengi walimwona takataka kwa sababu hawezi kumzuia mshambuliaji mwenye nguvu 2 au zaidi. Schneider hakutafuta karata kali. Alipanga bei: karata kadhaa za mana 1, kadhaa za mana 2, kadhaa za mana 3, ili kila zamu mana yote itumike na mpinzani asipate nafasi ya kupumua. Leo kila mtu anajenga kwa mpango huo wa ngazi za bei.

Sasa niambie, Schneider alinakili wapi? Hakuwa na tovuti ya kumwagia mafungu mia moja kila asubuhi. Alikaa na karata akafikiri. Vijana wa siku hizi wanapakua fungu Jumatano, Jumamosi wanashindana nalo, wakipigwa wanalitupa na kupakua jingine. Huyo ni sawa na mshonaji anayekata kila nguo kwa kipimo cha mteja wa mtu mwingine. Ukimnyima kipimo hicho, ama atajifunza kupima ama ataacha kazi.

Tena kampuni imesema wazi kwamba data nyingi inaua mfumo haraka. Mfumo ukifa, wewe na mimi tutacheza na nani?

Mwanzisha mada

Mkuu, huo mfano wa Schneider ni mzuri, lakini naona unanisaidia mimi. Fungu lile lilijulikana kwa sababu orodha yake ilitoka. Watu waliisoma, wakaona mpangilio wa bei, wakaubeba kwenye rangi nyingine na mifumo mingine. Ingefichwa, leo usingekuwa na mfano wa kunipinga nao.

Kuhusu wanaopakua na kutupa, wapo, sikatai. Ila wanaponzwa na kupigwa kwao wenyewe. Katika mfumo wa ushindani, anayebeba fungu bila kulielewa anaumia kwenye mchezo wa pili na wa tatu, akiba zinapoingia.

Mfano wa Pauper. Mafungu ya Affinity, yaliyojaa karata za vifaa, yanaishi kwa ardhi ambazo pia ni vifaa, kama Great Furnace na Seat of the Synod. Zamani dawa yake ilijulikana: Gorilla Shaman, anayevunja ardhi kama hizo kwa mana 1 kila moja. Mwaka 2021 toleo la Modern Horizons 2 likaleta ardhi mpya za vifaa, zile zinazoitwa madaraja, ambazo haziharibiki. Gorilla Shaman anazigonga bila kufua dafu. Dust to Dust inaziweza, kwa sababu haivunji, inaondoa vifaa 2 mchezoni moja kwa moja. Aliyenakili orodha ya 2020 na Gorilla Shaman zake 3 anakuja kugundua hili mezani, mbele ya mpinzani. Na unajua alichohitaji? Orodha za mwaka huo huo, nyingi, ili aone wenzake wamehama. Ukizibana, unamwacha na ile ya zamani.

Mchangiaji wa pili

Naomba niingie, maana mimi huwa nahesabu kabla ya kujenga.

Kaka mwanzisha mada, nakubali orodha pekee haitoshi, lakini umesahau namba. Wengi wanaobadilisha mafungu ya watu hawajui wanabadilisha nini. Nakala 4 ndani ya karata 60: uwezekano wa kuwa na angalau 1 kwenye karata 7 za mwanzo ni asilimia 40 hivi. Nakala 2: asilimia 22. Nakala 1: haifiki 12. Kwa hiyo ukisema "nimepunguza Counterspell moja na Brainstorm moja niweke viumbe 2 ninaowapenda", umebadilisha mchezo wako wa kwanza kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani.

Wapo pia wenye karata 61. Wanasema moja tu haina neno. Ni kweli nakala zako 4 zinashuka kwa nusu asilimia tu mkononi, lakini zinashuka zote kwa pamoja, kila karata nzuri uliyonayo, kwa ajili ya karata uliyoshindwa kuamua kuitoa. Mimi siiongezi hata siku moja.

Na ardhi! Frank Karsten, Mholanzi aliyebobea katika hesabu za mchezo huu, alikokotoa kwamba katika fungu la 60, ukitaka kucheza karata ya mana 1 ya rangi fulani zamu ya kwanza bila kukwama mara kwa mara, uwe na vyanzo 14 hivi vya rangi hiyo. Nenda kaangalie mafungu ya rangi tatu wanayojenga watu nyumbani. Utakuta vyanzo 9, na karata za mana 1 zimejaa.

Kwa hiyo msimamo wangu uko katikati. Zichapishwe zote, ila kwa kuchelewa, tuseme baada ya wiki mbili. Mjenzi afaidi kwanza matunda ya kichwa chake, halafu darasa lije kwa wote.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niseme jambo moja ambalo hamjaligusa. Nani hasa anakosa habari orodha zikifichwa?

Wachezaji wakubwa wana makundi ya mazoezi, watu kumi na zaidi. Kila mmoja anacheza ligi, anaandika alichokutana nacho, wanakusanya. Hao wanaijua hali ya mashindano hata kama kampuni haichapishi fungu hata moja. Anayekosa ni yule aliye peke yake, mji wenye duka moja la karata au hata hilo hakuna. Pauper inapendwa sana Italia na Brazili kwa sababu mafungu yake mengi hayafiki dola 100, wakati fungu la Modern, mfumo mwingine wa Magic, linakula mamia. Mfumo wa watu wa kipato cha chini kuwa na habari za siri ni jambo linaloniuma kwa kweli.

Jambo la pili: marufuku. Tangu 2022 Pauper ina kamati yake, ameketi Gavin Verhey wa Wizards na wachezaji wa nchi mbalimbali. Tarehe 31 Machi 2025 karata 3 zilipigwa marufuku kwa mkupuo: Basking Broodscale, Deadly Dispute na Kuldotha Rebirth. Sisemi walikosea. Nasema mchezaji wa kawaida anayetaka kupima uamuzi kama huo hana takwimu kamili mkononi. Wao wana data yote ya Magic Online, sisi tuna vijiorodha vilivyochaguliwa visifanane. Utajuaje kama Deadly Dispute ilikuwa kila mahali, wakati kilichochapishwa kimechujwa makusudi ili kionyeshe utofauti?

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye marufuku umenifikisha pazuri, ndugu. Deadly Dispute ilipoondoka, walionakili walibaki wameduwaa, wakisubiri mtu mwingine awajengee upya. Mjenzi wa kweli alijua karata ile ilikuwa inamfanyia nini: anatoa sadaka kifaa au kiumbe asichokihitaji, anaokota karata 2 na kupata hazina ya mana juu yake. Usiku huo huo alishaanza kupima Fanatical Offering, Reckoner's Bargain na Eviscerator's Insight. Ndiyo maana nasisitiza, watu wazoeshwe kujenga.

Mwanzisha mada

Mkuu, kuhusu kuzoeshwa kujenga tuko pamoja kabisa. Tunatofautiana juu ya darasa liko wapi. Hizo karata 3 ulizozitaja hazilingani. Fanatical Offering inakuachia ramani ya kuimarisha kiumbe badala ya hazina, Reckoner's Bargain inakurudishia uhai, Eviscerator's Insight inaweza kutumika tena kutoka kaburini. Ipi inafaa inategemea fungu lako linakufa vipi. Ukiuawa upesi na mafungu mekundu, uhai una maana. Ukichakazwa polepole na mafungu ya bluu, kucheza mara mbili kuna maana zaidi. Mtu aliye peke yake atazipima zote 3 dhidi ya kila aina ya mpinzani kwa muda gani? Akiona mafungu 40 yaliyoshinda na mgawanyo wao wa nakala, anaanza na swali lililonyooka. Kazi ya kufikiri inabaki kwake.

Dada wa hesabu, asante sana, hizo namba kila mgeni azibandike ukutani. Ila nikuongezee mahali ambapo mimi huona mafungu mazuri yakiharibika: akiba. Watu wanachagua karata 15 kama wanaokota matunda sokoni, moja nzuri hapa, moja nzuri pale. Mimi hukaa na daftari. Kwa kila aina ya mpinzani ninayemtarajia naandika karata zipi zinatoka na zipi zinaingia. Nikikuta dhidi ya Affinity nina 9 za kuingiza na za kutoa ni 5 tu zisizo na kazi, basi 4 kati ya zile 9 zimekalia nafasi bure. Nikikuta dhidi ya bluu nina 7 mbovu za kutoa na Pyroblast 4 tu za kuingiza, najua wapi pa kuongeza. Hesabu hiyo inataka kujua wapinzani wanabeba nini, karata kwa karata, zikiwemo akiba zao. Bila orodha unakisia.

Ndiyo maana pendekezo lako la wiki mbili linanipa shida, ingawa lina nia njema. Ndani ya wiki hizo mbili habari haitakuwa imelala. Itakuwa kwa wale wenye makundi aliowataja mwenzetu hapo juu, na mashindano yatakuwa yanaendelea. Marufuku ikitangazwa Jumatatu, wiki mbili za kwanza ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu kila mtu anajenga upya. Huko kwenye Pro Tour, mashindano makubwa ya Magic, za miaka ya karibuni, wachezaji wanaonyeshwa fungu la mpinzani kabla ya kuanza, ili asiyekuwa na marafiki wa kumpelelezea asionewe. Kama wakubwa wanalindwa hivyo mezani, iweje mchezaji wa ligi ya kawaida afichwe?

Nina maswali mawili, na naomba majibu yenye mifano. Kwako mkuu wa Schneider: taja fungu moja la Pauper lililobuniwa kwa sababu orodha zilibanwa, ambalo lisingebuniwa zikiwa wazi. Kwako dada: wiki mbili hizo zianze kuhesabiwa lini pale marufuku inapotangazwa, na ligi za Magic Online zisimame au ziendelee?