Batani za Fn zikigoma kwenye laptop: tupeane uzoefu, taarifa huwa inapotelea wapi?

#1 (mtoa mada)

Wakuu heshima kwenu. Nimeona niufungue huu uzi kwa sababu kila mtu akilalamika batani ya mwanga au ya kuzima maiki haifanyi kazi, jibu la kwanza analopewa ni badilisha kibodi au piga window upya, na mara nyingi batani yenyewe ni nzima kabisa, taarifa inatoka vizuri ukibonyeza ila inapotelea njiani kabla haijafika kwa anayetakiwa kuifanyia kazi. Inaniuma sana kuona mtu anatoa hela ya kibodi mpya kwa tatizo la mstari mmoja kwenye faili.

Kitu cha kujua ni kwamba hizi batani hazipiti njia moja hata kama zimepangwa mstari mmoja pale juu. Za sauti kwa kawaida zinapita kwenye kidhibiti cha kibodi kama herufi za kawaida, zina namba zake zinazojulikana siku zote, E0 20 kunyamazisha, E0 2E kupunguza, E0 30 kuongeza, ndo maana hata ukiweka mfumo mpya usio na draiva yoyote ya kampuni sauti inakubali. Za mwanga mara nyingi zinapita ACPI (utaratibu wa programu ya ubao kuongea na mfumo), yaani programu iliyo ndani ya ubao inaipigia kerneli (kiini cha mfumo) kengele kwenye kifaa cha skrini, 86 kuongeza na 87 kupunguza (hizo namba ni za heksadesimali). Halafu kuna zile za maiki, hali ya ndege, padi ya kugusa na mambo mengine ya kampuni, hizo zinapita WMI (njia nyingine ya kampuni kutuma taarifa zake kwa mfumo) au kifaa maalum cha ACPI ambacho bila draiva yake hakuna anayezielewa. Draiva kazi yake ni kupokea hiyo namba ya kampuni na kuigeuza iwe namba ambayo mfumo mzima unaijua, kwa Linux mfano kunyamazisha ni 113, mwanga chini 224, mwanga juu 225, kisha inaipeleka juu kama vile kibodi ya kawaida imebonyezwa.

Yangu mimi ilikuwa batani ya maiki. Nafungua evtest (programu ya Linux inayoonyesha taarifa za batani zinavyofika kwenye kerneli), nachagua kifaa, nabonyeza, naona kabisa code 248 (KEY_MICMUTE) value 1 (imebonyezwa) halafu value 0 (imeachiwa). Yaani draiva imefanya kazi yake. Naenda kwenye xev (inayoonyesha kile kinachofika kwenye madirisha ya desktop), kimya, hakuna hata mstari. Kumbe X11 (mfumo unaoendesha madirisha ya desktop) namba zake zinaishia 255, na yenyewe inaongeza 8 juu ya kila namba ya kerneli, sasa 248 jumlisha 8 ni 256, imezidi kwa moja tu inatupwa. Dawa yake ni kuielekeza ile batani kwenye F20 kupitia hwdb (orodha ya Linux ya kutafsiri namba za batani), F20 ni 190 inapita vizuri na mazingira ya desktop yanaichukulia kama batani ya maiki. Toka hapo sijawahi kuwa na shida nayo.

Karibuni, tupeane uzoefu. Ukiandika sema uliangalia na nini na uliona nini, hiyo ndo inamsaidia mwingine.

#2

Mkuu umegusa penyewe. Mimi laptop yangu ina batani moja ya ziada yenye nyota, haikuwa inafanya chochote kwenye Linux. Nikaifungua dmesg (kumbukumbu za kerneli) huku naibonyeza, ikawa inaandika hivi kila nikigusa:

atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0xab on isa0060/serio0).
atkbd serio0: Use 'setkeycodes e02b <keycode>' to make it known.

Yani kerneli yenyewe inakwambia nimeipata namba ila sijui ni batani gani, na bado inakufundisha cha kufanya, watu wengi hawasomi tu. Kwenye evtest unaona MSC_SCAN (namba ghafi) value ab inakuja peke yake, mstari wa EV_KEY (batani iliyotafsiriwa) haupo kabisa, hiyo ndo dalili kwamba namba imefika ila haina tafsiri.

Sikutumia setkeycodes maana ukizima mashine inasahau. Nilitengeneza faili ndani ya /etc/udev/hwdb.d/, mstari wa kwanza unaitambulisha laptop (evdev:atkbd:dmi: halafu jina la kampuni na modeli), mstari wa pili KEYBOARD_KEY_ab=prog1. Angalieni sana, huo mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja, bila hiyo nafasi hausomwi. Ukimaliza systemd-hwdb update kisha udevadm trigger, basi. Sasa hivi ile nyota inanifungulia kikokotoo.

#3

Naomba na sie wa Windows tusisahaulike jamani. Baada ya kupiga window safi bila ile iliyokuja na mashine, sauti ilikuwa inakubali ila batani ya maiki, ya taa za kibodi na ya hali ya ndege zote zimekufa, hata kile kipicha kinachotokea kwenye skrini ukibonyeza hakitokei. Niliambiwa na mtu kibodi imeingia maji, nikakataa kwa sababu haiwezekani maji yachague batani tatu za kazi maalum na kuziacha jirani zake salama.

Nikaingia Device Manager nikakuta kifaa kimoja hakina jina kina alama ya njano, nikafungua maelezo yake sehemu ya Hardware Ids ikaanza na ACPI\ na herufi za kampuni. Hicho ndo kilikuwa kifaa cha hizo batani. Nikaingia tovuti ya waliotengeneza laptop, nikatafuta kwa modeli kamili, nikashusha draiva ya hotkey pamoja na ile huduma yake inayokaa nyuma, maana vinatakiwa vyote viwili, draiva inapokea taarifa na huduma ndo inafanya kitendo na kuonyesha kipicha. Nikaristati vyote vikarudi.

Ushauri wangu, kabla hujafuta window iliyokuja na mashine piga picha orodha ya vifaa vyote kwenye Device Manager.

#4

Yangu ilikuwa kinyume, haikugoma, ilizidisha. Nabonyeza mwanga mara moja unapanda hatua mbili. Watu wakasema batani imelegea. Nikatumia libinput debug-events --show-keycodes, uzuri wake inaonyesha vifaa vyote kwa pamoja, sio kama evtest unachagua kimoja kimoja, nikaona mbonyezo mmoja unaleta taarifa mbili kutoka vifaa viwili tofauti, moja imetoka Video Bus (kifaa cha ACPI cha skrini) na nyingine imetoka kwenye draiva ya kampuni, zote 225. Kwa hiyo mfumo unapokea maagizo mawili halali na unatii yote.

Niliweka kwenye /etc/modprobe.d/ options video report_key_events=1, maana yake Video Bus iendelee kutoa taarifa za kubadili skrini tu, za mwanga inyamaze. Hatua zikawa mojamoja.

Kuna laptop nyingine hasa za zamani ambazo programu ya ubao yenyewe ndo inabadilisha mwanga au sauti kwenye vyuma, halafu inautaarifu mfumo baada ya kumaliza. Pale taarifa ni ya kukujulisha tu ili uchore kile kipicha kwenye skrini, sio agizo. Waandishi wa thinkpad_acpi (draiva ya Linux ya laptop za ThinkPad) wamelisema hili waziwazi kwenye maelezo yao, kwamba batani za namna hiyo usizifanyie kitendo tena juu yake. Mtu akiziunganisha na amri yake mwenyewe anapata hatua mbili hivyohivyo.

#5

Wakuu samahani kwa kuingilia, mbona mimi nikibonyeza Fn yenyewe peke yake kwenye evtest hakuna kinachotokea? Nataka kubadilishana Fn na Ctrl, Fn imekaa pembeni kabisa inanisumbua sana wakati wa kunakili.

#6

@5 hiyo kawaida mkuu, laptop nyingi Fn haitoki nje kabisa. Inaishia kwenye chipu ndogo inayosimamia kibodi na betri, hiyo chipu ndo inaangalia kama Fn imeshikwa halafu inatuma namba nyingine badala ya ile ya F5. Mfumo haujui kama Fn ipo, kwa hiyo hakuna programu ya kuihamisha. Ingia BIOS utafute sehemu ya kibodi, ThinkPad kwa mfano huwa na chaguo la kubadilishana Fn na Ctrl mlemle. Kama BIOS yako haina hilo chaguo basi hiyo njia imefungwa.

#7

Hii yangu isomeni vizuri kwa sababu inafanana sana na kibodi mbovu. Laptop ya kujikunja, ile skrini inageuka hadi nyuma. Baada ya apdeti ya kerneli kibodi na padi ya kugusa zikafa zote kwa pamoja nikiingia desktop. Ila nikienda BIOS kibodi inaandika. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 kwenda kwenye skrini nyeusi ya maandishi (kwa kibodi ya USB) kibodi ya laptop inaandika bila shida. Nikirudi desktop imekufa tena.

Kilichonipa jibu ni kukumbuka kwamba draiva za batani haziripoti batani tu, zinaripoti na swichi. Kifuniko kufungwa ni swichi, na laptop kugeuka kuwa tableti ni swichi pia, inaitwa SW_TABLET_MODE. Nikafungua evtest kwenye kile kifaa cha swichi, pale juu kabisa kabla hujabonyeza chochote huwa inaandika hali ya kila swichi, nikakuta Event code 1 (SW_TABLET_MODE) state 1. Laptop iko wazi mezani mbele yangu lakini draiva inaripoti imekunjwa. Libinput (programu inayopokea taarifa za kibodi na padi kwa niaba ya desktop) ikisikia tableti inazima kibodi na padi ya ndani makusudi, ili ukiishika vidole vya nyuma visiandike ovyo. Yenyewe ilikuwa sahihi, taarifa ndo ilikuwa ya uongo.

Nikaandika quirk (maelekezo maalum ya modeli fulani) ya libinput kwa modeli yangu, ModelTabletModeSwitchUnreliable=1, yaani hii swichi isiaminiwe. Kibodi ikarudi palepale baada ya kutoka na kuingia tena. Baadae nikatuma ripoti kwa wanaotunza ile draiva na matokeo ya evtest na dmidecode (inayotaja modeli ya mashine), nawaomba na nyie mfanye hivyo, kwa sababu wao hawana kila laptop duniani, modeli yako inaingia kwenye orodha pale tu mtu mwenye nayo akiandika.

#8

Mimi nilitaka kutumia batani moja ya kampuni kama ya kuongea, naishikilia naongea naachia inanyamaza, kwa ajili ya vikao vya mtandaoni. Haikuwezekana na sababu nimeiona kwa macho. Kwenye evtest nikibonyeza nikaacha kidole juu, value 1 na value 0 zinakuja papo hapo zimefuatana, kidole bado kipo. Batani za njia ya WMI nyingi programu ya ubao inasema "imebonyezwa" tu, haisemi imeachiwa, kwa hiyo draiva inatunga mwachio yenyewe mara moja ili mfumo usidhani imeshikiliwa milele. Ni uamuzi mzuri ila ujue batani hiyo huwezi kuifanya kama Shift wala kuitegemea irudierudie ukiishikilia, inafaa kwa kuwasha na kuzima tu. Nikahamishia kazi ile kwenye Ctrl ya kulia, hiyo inapita njia ya kibodi na inaripoti yote mawili.

#9

@8 na kuna kinyume chake, kibodi zinazotuma mbonyezo halafu mwachio hauji, unabonyeza mwanga unashuka wenyewe mpaka chini kabisa. Kwenye hwdb unaweka alama ya mshangao mbele ya jina, KEYBOARD_KEY_xx=!brightnessdown, kerneli itajiwekea mwachio yenyewe.

Mimi pia nina hii laptop mpya yenye batani ya Copilot, hizi zilizoanza 2024. Nilidhani ina namba yake, kumbe inatuma Windows ya kushoto, Shift ya kushoto na F23 kwa mpigo. Nimeirudisha kuwa Ctrl kwa kutumia keyd (programu ya Linux ya kubadilisha kazi za batani).

#10

Swali kwa mtoa mada. Ikitokea evtest kimya, dmesg kimya, acpi_listen (inayosikiliza taarifa za ACPI) kimya, hapo si ndo kibodi yenyewe sasa?

#11 (mtoa mada)

@10 bado mkuu usiharakishe. Kwanza hakikisha kwenye evtest umepita vifaa vyote, sio kile cha kibodi tu, angalia Video Bus na kila chenye jina la WMI au Extra Buttons. Pili angalia kwa lsmod kama moduli ya draiva ya kampuni imepanda kweli, isipopanda ile kengele inalia hakuna wa kuisikia. Tatu, baadhi ya draiva zina orodha ya batani zipi ziripotiwe, thinkpad_acpi wanaiita hotkey_mask, ipo ndani ya /sys/devices/platform/thinkpad_acpi/, kila biti ni batani moja na ikiwa sifuri batani hiyo inaachwa bila kuripotiwa. Linganisha na hotkey_all_mask iliyopo hapohapo.

Ukishapita hayo yote na bado kimya, jaribu ile F yake bila Fn, au badili FnLock (kufuli la Fn), kwenye laptop nyingi ni Fn+Esc. F5 ya kawaida ikiandika basi batani kama chuma ni nzima na tatizo lipo kwenye BIOS au draiva, F5 isipoandika kabisa hata ukiwa ndani ya BIOS, hapo sawa, nunua kibodi. Weka hapa modeli na matokeo ya dmesg tuangalie wote.