Albendazoli au triklabendazoli kwa minyoo ya ini?

Mchungaji wa Wembere: Wakuu, shikamooni. Nachungia mbuga ya Wembere, Igunga. Mwezi jana niliwanywesha ng'ombe wangu 14 albendazoli. Juzi yule mwekundu wa pembe moja kavimba chini ya taya, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Na dume tulilochinja msibani, ini gumu, mirija imejaa minyoo kama vijani. Dawa ni feki? Triklabendazoli ipo dukani ila bei inauma.

Kijana wa Nzega: Piga ivamektini, mzee, umalize.

Mtu wa mifugo: Marahaba. Kijana, ivamektini haigusi minyoo ya ini, usimpotoshe mzee. Albendazoli huua wakubwa tu, waliokwisha kaa kwenye mirija ya nyongo. Wachanga wanaotoboa ini wanapona, wanakua. Triklabendazoli, miligramu 12 kwa kilo ya uzito wa ng'ombe, inawafikia hata hao. Mzee, ulipimaje dozi?

Mchungaji wa Wembere: Kwa macho. Kifuniko cha chupa, mmoja mmoja.

Mtu wa mifugo: Basi dawa usiilaumu bado. Dozi ya albendazoli kwa minyoo ya ini ni miligramu 10 kwa kilo, zaidi ya ile ya minyoo ya tumbo. Pima kifua kwa utepe upate makadirio ya uzito. Wenye mimba changa usiwape albendazoli kabisa. Na wa maziwa, soma kibandiko cha dawa kwanza, ujue kama maziwa yanafaa kunywewa.

Mchungaji wa Wembere: Mwekundu ana mimba, na ndiye wa maziwa ya wajukuu. Kesho naazima utepe.